Namna ya Kuliondoa Benchi Mlangoni: Mwongozo kwa Mawakili, Wahasibu na Wapima Ardhi wa Bukoba na Muleba

Ofisi ya kitaalamu mjini Bukoba unaitambua kwa benchi lake. Liko kwenye korido, la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa, na wanaolikalia wanajuana majina kwa sababu walikutana hapo hapo wiki jana. Wakili ana benchi. Mhasibu ana benchi. Mpima ardhi, kwa kuwa chumba chake ni kidogo, ana viti viwili vya plastiki na wateja wanne. Mwongozo huu unafundisha jinsi ya kuliondoa benchi hilo, na dawa yake si kumwita fundi alibebe. Dawa ni kufanya kazi mpaka pasiwe na mtu wa kulikalia.

Elimu yenyewe ilianzia kiwandani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Toyota haikuwa na fedha za kujaza maghala kama wenzake wa Marekani, na mhandisi wake Taiichi Ohno akajenga utaratibu wa kutengeneza kinachohitajika tu, kwa wakati kinapohitajika. Alitaja upotevu wa aina 7: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bure, kushughulikia kitu kupita kiasi, kulimbikiza, kutembeatembea, na makosa yanayolazimu kazi irudiwe.

Wakili akisikia habari hizi hujibu kwamba yeye hatengenezi magari, anauza akili. Sawa, tuitazame hiyo akili inavyosafiri. Ghala la ofisi ya wakili ni kabati la mafaili. Kusubiri ni benchi. Kusafirisha ni nauli ya Kosta kutoka Muleba mjini, zaidi ya kilomita 60, na kabla ya Kosta kuna boda kutoka kijijini hadi barabarani. Makosa ni shauri lililotupwa kwa sababu karatasi moja haikuambatanishwa. Upotevu wote 7 upo, na kila mmoja una kiti chake. Tofauti ni kwamba kiwandani hasara humpata mwenye kiwanda, na hapa humpata mteja. Ndiyo maana haujaondoka: anayeusababisha hautoi mfukoni mwake.

Wala tusiseme mambo haya hayajafika Tanzania. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na shirika la Japani la JICA, ilianza kuutumia utaratibu wa S tano katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kisha ukasambaa hospitali nyingine. Maneno yake yamebandikwa ukutani kwa Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Muuguzi aliyekuwa akifungua droo sita kutafuta sindano sasa anajua iko wapi. Nimeona ofisi za mjini kwetu nazo zikiliiga bango hilo. Zimepanga kabati, zimebandika lebo za rangi, zimetupa kalenda za mwaka juzi, na benchi likabaki limejaa vile vile. Kabati safi ni jambo jema. Lakini faili lililolala miezi mitano kwenye kabati safi limelala miezi mitano.

Kwa hiyo hatuanzi na kabati.

Kaa kwenye benchi mwenyewe

Ohno alikuwa na desturi ya kuchora duara kwa chaki sakafuni na kumsimamisha meneja ndani yake kwa saa nyingi, aangalie tu. Wewe huhitaji chaki. Duara lako lipo tayari na lina miguu minne. Jumanne saa mbili asubuhi, vua koti, kaa. Simu weka mfukoni. Usiwahutubie wateja, usimkaripie karani. Angalia.

Utamwona mama wa miaka sitini na kitu aliyetoka Nshamba alfajiri. Karatasi zake kazifunga kwenye kanga. Ndani ya kanga kuna bahasha, ndani ya bahasha kuna hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo wino umeshafutika hivi kwamba mpaka wa kusini wa kibanja umebaki nusu.

"Shikamoo mama," karani anamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Wakili yupo?"

"Ametoka kidogo, mama. Yuko mahakamani."

"Jana uliniambia nije leo."

"Ndiyo mama. Subiri hapo kidogo."

Saa tano wakili anaingia mbio, joho mkononi. Anamsalimia vizuri: habari za nyumbani, za mvua, za kahawa, za wajukuu. Kisha anafungua bahasha, anatazama, anasema: "Ma, tutahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri. Njoo nayo kesho." Mazungumzo yote ya kazi yamekwisha kwa dakika tatu, na dakika hizo zingemalizwa kwa simu siku ya kwanza.

Sasa hesabu alichotumia: boda, Kosta, chai na andazi, kopi mbili za steshenari, siku nzima ya kupalilia migomba, kisha Kosta na boda tena. Kesho atarudia. Hakuna risiti ya ofisi yako inayoonyesha gharama hiyo, na huenda inafika nusu ya ada unayomdai.

Nasisitiza jambo moja kabla hujaanza kukatakata. Salamu si upotevu. Atakayefupisha salamu za Wahaya ili aokoe dakika mbili atapoteza habari aliyoihitaji, maana mteja wa huku hutaja jambo lenyewe baada ya wajukuu, mara nyingi akiwa ameshasimama kuondoka. Acha salamu zichukue nafasi yake. Ukate "njoo kesho".

Jua anachonunua

Mkoa wetu wa Kagera una mfano wa shauri unaofaa hapa kuliko mfano wowote wa kiwandani. Mwaka 1988 mwanamke wa Muleba aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanaume wa ukoo wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akisema mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu, Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Hiyo ndiyo Ephraim dhidi ya Pastory, ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi wanaisoma mpaka leo.

Tangu ardhi iuzwe mpaka hukumu ya mwisho ilipita miaka isiyofika miwili, mahakama tatu, katika enzi ambayo simu ya mkononi haikuwepo nchini. Na kitu kilichotafutwa kilikuwa jibu la swali moja: ninaweza kuuza changu? Hicho ndicho mteja anachonunua. Hanunui kurasa, wala idadi ya safari zako kwenda masjala.

Basi kwenye jalada la kila faili, kwa kalamu, andika sentensi moja ya alichokuja kutafuta, kwa maneno yake mwenyewe. "Nataka kibanja kiandikwe jina langu kabla sijafa." "Nataka kujua kama ninadaiwa kodi au sidaiwi." Kisha kila unapotaka kuongeza kazi ndani ya faili, soma sentensi ile. Barua ya kurasa nane za Kiingereza kwa jirani anayegombea migomba mitatu haitapita mtihani huo. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na bado kuna ofisi zinaandika kwa Kiingereza, zinamtafsiria mteja kwa mdomo, mteja anatia dole gumba kwenye asichokielewa, kisha wiki mbili baadaye anarudi kusema mpaka ulioandikwa si wenyewe. Kazi inaanza upya. Andika kwa lugha ambayo mteja atakukosoa papo hapo.

Nyonyoa kabla ya kukaanga

Kila mtoto wa Kagera anajua kwamba senene hunyonyolewa mabawa na miguu kwanza, ndipo wanapoingia kwenye kikaango. Hakuna anayewamwaga wazima kwenye moto kisha akaanza kuokota mabawa. Mafaili mengi ya Bukoba yanakaangwa na mabawa yake. Faili linafunguliwa, linapewa namba, linafungwa uzi, linaingia kabatini, na kilichokosekana kinagunduliwa baada ya mwezi.

Tengeneza karatasi moja, upande mmoja tu, kwa kila aina ya kazi inayojirudia. Kwa ofisi ya wakili hapa aina hizo hazifiki kumi: mauzo ya kibanja, mirathi, talaka, mgogoro wa mpaka, dhamana ya mkopo, usajili wa kampuni. Kwa mirathi, weka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwa nyumba ya familia, weka ridhaa ya mwenzi, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaidai. Kwa mgogoro wa ardhi, weka hati ya baraza la kata: tangu 2021 baraza la kata linapatanisha tu, haliamui, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka uthibitisho kwamba upatanishi umeshindikana, au siku 30 ziwe zimepita bila mafanikio. Wakili anayeruka hatua hiyo atakwenda Muleba kwa gari, atasimama dakika nne, atarudi na shauri lililotupwa, na mteja wake atalipa tena ada ya kufungua.

Karatasi hiyo karani aisome kwa simu mteja anapopiga mara ya kwanza, kabla hajapanda boda. Mteja akiwa na simu janja, atume picha ya kila karatasi kwa WhatsApp. Karani anatazama: muhuri upo, sahihi ipo, jina la kwenye kitambulisho cha NIDA linafanana na la kwenye hati. Majina yetu yanaandikwa kwa namna nyingi, na herufi moja iliyopungua kwenye jina la ubatizo imewarudisha watu kijijini mara zisizo na idadi. Igundueni kabla ya nauli.

Tarehe nayo inyonyolewe siku hiyo hiyo. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Andika siku ya mwisho kwa kalamu nyekundu, kubwa, nje ya jalada. Ofisi zinazoweka tarehe hiyo kichwani mwa bosi huishia kuandika maombi ya kuongezewa muda, na hayo ni shauri zima jingine ambalo mteja hakuliomba.

Hesabu mafaili, kisha usitishe kupokea

Mwaka 1961 John Little, Mmarekani, alithibitisha kanuni ya foleni ambayo mhasibu yeyote ataifanya kwa kalamu. Mafaili yaliyo wazi, ukiyagawa kwa idadi unayofunga kila mwezi, yanakupa miezi ambayo faili la kawaida litakaa kwako. Tuseme una mafaili 240 na unafunga 20 kwa mwezi. Mteja anayeingia leo atatoka baada ya mwaka. Ukimwambia "wiki mbili tu mama", unamdanganya, hata kama moyo wako ni mweupe.

Kanuni hiyo inaonyesha njia mbili tu: funga mengi zaidi kwa mwezi, au punguza yaliyo wazi. Kufanya kazi usiku hakudumu. Kwa hiyo toa mafaili yote mezani na uyagawe. Utakuta yaliyokufa, ambayo mteja alishapatana na ndugu yake kijijini na hakuna aliyekuarifu, yafunge. Utakuta yanayosubiri kitu kutoka nje. Yaandike yanasubiri nini, kwa nani, tangu lini. Yanayobaki ndiyo kazi yako, na kila mtu ofisini ashike machache kwa wakati mmoja. Bandika manila ukutani, chora safu nne, kila faili liwe kikaratasi kinachosogezwa. Safu ya "kwenye meza ya bosi" ikijaa, hakuna kipya kinachoingia mpaka kimoja kitoke. Mteja mpya mwambie ukweli: tutaanza kazi yako tarehe fulani. Wengine wataondoka. Wengi watabaki, kwa kuwa hawajawahi kupewa tarehe ya kweli na mtu yeyote mwenye tai.

Safu hiyo ya bosi itajaa siku ya kwanza, nakuhakikishia. Bosi wa ofisi zetu anasaini hati ya madai, anasaini bili ya maji, anasaini ruhusa ya kununua rimu ya karatasi. Akienda Mwanza kwa msiba, ofisi yote inafiwa. Gawanya sahihi hizo. Kuna ambazo kwa sheria ni zake peke yake: kiapo anachokishuhudia lazima mwapaji aape mbele yake, na muhuri uliogongwa kwenye karatasi tupu ili kuharakisha mambo ni kosa, hauhusiani kabisa na elimu ya Ohno. Rimu ya karatasi haihitaji wakili msomi.

Wahasibu na mwezi Juni

Kwa mhasibu benchi lina msimu. Anayefunga hesabu Desemba ana miezi sita ya kupeleka ritani ya mwaka TRA, kwa hiyo wafanyabiashara wa mji mzima wanakumbuka tarehe 30 Juni kuanzia tarehe 25. Wanafika na mfuko wa sukari uliojaa risiti za EFD, na wino wa risiti hizo hufifia ukikaa juani dukani. Mhasibu halali wiki nzima, anakosea, anapigiwa simu na TRA Agosti.

Mzigo huo usawazishe. Mteja yule yule tayari ana siku ya 7 ya kila mwezi kwa kodi ya mishahara na siku ya 20 kwa VAT, kama ameajiri na amesajiliwa. Mpitie dukani kila mwezi katikati ya tarehe hizo, chukua risiti zikiwa bado zinasomeka, ziingize kwenye kompyuta. Juni itabaki na kazi ya kujumlisha. Kagera ina sababu ya ziada: kahawa inapoanza kuvunwa katikati ya mwaka, wanunuzi, wasafirishaji na vyama vya ushirika vya msingi wanashika fedha nyingi kwa kasi, na hapo ndipo kumbukumbu huharibika. Mhasibu aliyezama kwenye ritani za Juni hawezi kumsaidia mtu wa kahawa siku anapomhitaji zaidi.

Nenda Muleba

Ofisi nyingi ziko Bukoba kwa kuwa Mahakama Kuu iko Bukoba na benki nyingi ziko Bukoba. Wateja wengi wako Kamachumu, Nshamba, Rubya, Izigo, na wengine visiwani Bumbire na Goziba, ambako safari ya kumwona wakili huanza na mtumbwi na huahirishwa ziwa likichafuka. Wakili huyo huyo huenda Muleba mara kwa mara kwa shauri moja, na wateja wake wa Muleba hupishana naye njiani wakija Bukoba kumtafuta. Nimelishuhudia hilo, na linaniudhi kila ninapolikumbuka.

Panga chumba kidogo Muleba mjini, au shirikianeni watatu: wakili, mhasibu, mpima. Tangazeni siku moja ya wiki isiyobadilika, na iwe siku ambayo watu wana sababu nyingine ya kufika mjini. Mashauri yako ya Muleba omba yapangwe kuzunguka siku hiyo kadiri baraza na mahakama zitakavyokubali. Mpima ardhi naye akusanye viwanja vya kata moja kwa safari moja. Kupeleka vifaa Kamachumu kwa kiwanja kimoja, kisha kuvirudisha huko wiki inayofuata kwa jirani wa kiwanja hicho hicho, kunawagharimu wote wawili bei ya safari nzima.

Bei

Nimeacha jambo gumu mwisho. Ofisi inayolipwa kwa kila kuhudhuria mahakamani inafaidika shauri linapoahirishwa. Sisemi mawakili wanapenda kuahirisha. Wengi ninaowajua wanachukia. Lakini hakuna atakayetumia jasho lake kuziba tundu ambalo fedha zinamwingilia. Ndiyo maana maboresho yote niliyoyaeleza yatakufa ndani ya miezi mitatu kama namna ya kutoza haibadiliki.

Toza kwa hatua, kwa bei inayojulikana mapema: kiasi hiki mpaka shauri lifunguliwe, kiasi hiki mpaka ushahidi uishe, kiasi hiki mpaka hukumu. Kampuni ya mawakili ya Seyfarth Shaw ya Chicago, iliyoanza kutumia elimu hii miaka ya 2000, iliona kwamba ukishachora njia nzima ya kazi unaweza kutaja bei kabla ya kuanza, kwa sababu unaijua. Kwako pia itakuwa hivyo. Ukijua mauzo ya kibanja yanachukua saa tano za kazi halisi, unaweza kumwambia mteja bei moja, akauza mikungu yake akijua anatafuta kiasi gani, na kila safari utakayomwondolea itakuwa pia saa uliyojiokolea wewe.

Na muda ukipatikana, usimwachishe karani kazi. Wapo mabosi watakaosoma mwongozo huu na kuona ndani yake mshahara mmoja wa kupunguza. Karani ndiye anayemjua kila mtu aliyekaa pale, jina la mumewe marehemu, simu ya mjukuu wake, na karatasi inayokosekana. Mpe vocha ya simu na saa moja kila asubuhi ya kuwapigia wanaotarajiwa kesho kutwa, mmoja mmoja, awaambie walete nini au wasije kwanza. Umpandishe mshahara mwezi huu huu, kabla hujanunua kompyuta mpya.